Tembo wa Nusu Kilo

Ukitaka kuniudhi, usinitukane. Nipe chakula chenye maelezo.

Ugali hauna maelezo. Umesongwa, umepakuliwa, umenawa, umekula. Sijawahi kuona mtu amesimama mbele ya ugali wa udaga na mtama, simu mkononi, anarudisha video nyuma ili aone tena pale walipokoroga. Lakini tambi za binti yangu ziliingia Kisaka na maelezo kwenye pakiti, maelezo kwenye simu, na maelezo mengine vichwani mwa wajukuu, ambao huko Mwanza walikuwa wameitazama hiyo video hadi wakawa wanamsahihisha mama yao kabla hajakosea.

Binti yangu huja na watoto kila likizo ya Juni, na kila ajapo huja na jambo. Mwaka juzi jambo lilikuwa kupima watu presha. Alipima ukoo mzima, na sisi tuliokuwa wazima tukalala wagonjwa. Mwaka jana lilikuwa chai bila sukari, ambalo mama yangu mzazi alilimaliza kwa msonyo mmoja. Mwaka huu akafungua begi, akatoa pakiti za tambi ndefu, zile za spageti, akatangaza kwamba Jumamosi jioni hakuna kusonga ugali. Tutapika tambi na madonge ya nyama, nyumba nzima, kwa kucheza.

Nikauliza kucheza kunaingiaje jikoni. Akanionyesha kwenye simu. Nyama inasagwa, inaviringwa madonge. Halafu watoto wanachukua tambi zikiwa bado mbichi na ngumu, wanazichomeka kwenye donge ziingie upande huu na kutokea upande ule, wanatengeneza mdudu, mnyama, jini, chochote. Kisha vyote vinatumbukizwa kwenye maji yanayochemka. Tambi zinalainika, zinaning'inia, na hapo mtu unatakiwa kucheka.

"Ni ili watoto wafurahie chakula, Baba."

Sasa hapa naomba msomaji anisaidie kukasirika. Nani kasema watoto hawafurahii chakula? Wajukuu zangu hao hao, siku mbili baada ya kushuka kwenye gari, walikuwa wamemaliza sufuria la makande lililopikwa kwa ajili ya vibarua. Mtoto akikaa Kisaka hahitaji kuchekeshwa ili ale. Anahitaji kuangaliwa asile cha mwenzake. Chakula kinachodai mchezo kwanza kina jambo kinaficha. Nikasema hivyo. Nikajibiwa kwamba nitatumwa buchani.

Mwalimu mstaafu, niliyefundisha watu wazima wote unaowaona wakipita kwenye barabara hii ya kwenda Mugumu, natumwa nyama na karatasi mkononi: nusu kilo, ya kusaga, isiwe na mafuta mengi. Muuza nyama, mwanafunzi wangu wa zamani, alinisikiliza kwa utulivu ambao darasani hakuwahi kunipa. Kisha akauchomoa upanga wake kwenye gogo, akaufuta.

"Mwalimu, ya kusaga ni pale mashineni. Lakini sijui kama watakubali, wana mahindi ya watu."

Hakuwa anatania. Kijijini kwetu mashine ya kusaga ni moja na kazi yake inajulikana. Nyama hukatwa kwa panga juu ya gogo, na mfupa wake, na wewe unachukua kilichokuangukia. Mashine ya kusaga nyama ni habari ya Mwanza, au Musoma mjini. Na hilo la "isiwe na mafuta mengi" lilimuumiza zaidi, nilimwona. Mafuta ndiyo muuza nyama wa huku anayompa mteja anayempenda. Kuyakataa ni kumwambia hadharani kwamba urafiki umekwisha. Alinikatia steki kavu bila neno, akafunga kwenye gazeti, na tangu siku ile salamu zake zimekuwa fupi.

Nyama ilipofika nyumbani ikawa tatizo la mke wangu, na mke wangu hana tabia ya kukaa na tatizo muda mrefu. Aliikata vipande, akaitia kwenye kinu, akatwanga. Binti yangu alipiga kelele kwamba video haikusema kinu. Mke wangu akasema video haikuzaliwa Kisaka. Na kwa hili, ingawa siku ile sikuwa upande wa mtu yeyote, lazima nimtetee: huko Lebanoni, nyama ya kibbe ilitwangwa kwa kinu cha jiwe vizazi na vizazi kabla mashine hazijafika, kwa sababu nyama ikitwangwa inanata, inashikana, haimeguki ikiingia motoni. Mashine inakata nyama. Kinu kinaishawishi.

Ila kinu kina mdomo. Saa kumi na moja jioni, mlio wa mchi Kisaka ni tangazo. Watu wanajua ni kisamvu, na kama si kisamvu ni karanga, na vyote viwili ni vyakula ambavyo jirani mwenye adabu hapitwi navyo. Haikupita muda jirani yetu mama mmoja akatokea kwenye ua, na bakuli lake.

"Hodi hapa. Kisamvu hicho, dada?"

"Ni nyama," mke wangu akajibu, anatwanga.

Jirani akatazama kinu. Akanitazama mimi. Akamtazama mama yangu aliyekaa kwenye mkeka, kwa jicho la kuhesabu meno. Kwa mawazo yake, nyama ikitwangwa ama kuna mgonjwa ama kuna mtu ana jambo la kuficha. Akavuta kigoda, akakaa, bakuli mapajani. Hakuondoka mpaka usiku.

Nyama ikatiwa chumvi, kitunguu, kitunguu saumu, yai, na mkate wa jana uliolowekwa kwenye maziwa. Mkate! Ndani ya nyama! Nikaambiwa ni wa kulainisha donge. Nimeishi miaka mingi na nimenunua vitumbua vyenye hewa, maandazi yenye shimo na maharage yenye mawe, kwa hiyo mtu akiniambia anaongeza mkate kwenye nyama kwa sababu ya ulaini, namwelewa vizuri sana.

Kisha ukaanza huo mchezo, na hapa ndipo nilipojua hawa watoto, hata kama wanasoma Mwanza, damu yao ni ya wilaya ya Serengeti. Kwenye video watoto wa kizungu walitengeneza buibui na majitu ya angani. Wa kwangu hata hawakuulizana. Mkubwa alitengeneza nungunungu, tambi zimesimama mgongoni pande zote. Wa pili akatengeneza simba dume, manyoya ya tambi shingoni. Mdogo, mwenye miaka sita, akachukua karibu robo ya nyama yote peke yake, akafinyanga tembo, akampa tambi nne za miguu, moja ya mkonga, na mbili nzima, ambazo hazijakatwa, za meno.

Nikamwambia hayo meno ni marefu mno, hayataenea sufuriani, tuyakate.

"Babu, huo ni ujangili."

Alifundishwa shuleni. Sikuwa na la kusema, maana ni kweli. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ipo tangu 1951, mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti tangu 1994, na mtu wa wilaya hii anajua kabla ya kujua kusoma kwamba mnyama ana wenyewe. Anajua pia upande mwingine wa habari. Shemeji yangu analima upande wa Ikorongo. Amezungushia shamba kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, ametundika mizinga ya nyuki, amelala kwenye dungu na tochi na debe la kupiga, na bado kuna asubuhi ambazo mahindi yote yamelala chini na kinyesi cha mzee tembo kiko katikati ya shamba, bado kina joto. Serikali ina malipo yake kwa mambo haya, kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa mtu aliyeumizwa au kuuawa. Nilipoona tembo yule wa nyama amewekwa kwenye sinia, ametulia, hana haraka, nilianza kuwa na mawazo ya kisasi ambayo sikuyatangaza.

Jikoni maji yalikuwa yanachemka, nami nikawa nachemka kwa sababu ya maji.

Pakiti inasema lita 1 ya maji kwa kila gramu 100 za tambi. Tambi zilikuwa gramu 500. Hesabu ya darasa la tatu: lita 5, robo ya dumu. Si maji ya kunywa, si ya mchuzi, si ya kuoga mtoto. Ni ya kuchemshia tu, na zikiiva yanamwagwa! Mwandishi wa pakiti hajawahi kuliona dumu likipanda kilima mgongoni mwa punda. Hajawahi kumbembeleza punda aliyekataa kutembea katikati ya njia, anatazama upande wa Mto Mara kama mtu asiye na shida. Ugali unakunywa maji yake yote, hautoi tone. Wali vivyo hivyo. Hata ndizi za Tarime, ukizichemsha, maji yake yanakuwa mchuzi na mtu anaramba. Tambi peke yake ndiyo inayokunywa kidogo halafu inadai mengi yaende nje, na bado mtu anasimama mlangoni na sufuria la maji ya moto anapiga kelele tupishe. Mbwa wetu, aliyemwagiwa miguuni, anakubaliana na mimi.

Halafu urefu. Tambi ndefu haiingii kwenye sufuria la kawaida. Nikasema zivunjwe. Binti yangu akasema hazivunjwi, Waitaliano wanachukia mtu anayezivunja, unazisimamisha tu na zenyewe zinalainika chini na kuzama taratibu. Hilo linawezekana kwa mtu mwenye jiko la gesi, moto wake umekaa chini ya sufuria kwa heshima. Sisi tuna mafiga matatu na kuni, na moto wa kuni hupanda pembeni kutazama ndani. Zile ncha zilizobaki nje zikashika moto. Si kuungua, kuwaka, zinatoa miali midogo, pete nzima ya mishumaa kwenye ukingo wa sufuria. Wajukuu wakaanza kuimba wimbo wa siku ya kuzaliwa. Mama yangu, ambaye tangu mchana hakuwa amesema neno, akauliza nani aliyekufa.

Zilipozimwa, nikaona ni wakati wa kutoa hoja yangu, kwa sababu ninayo, na ina historia. Sina ugomvi na tambi. Sina ugomvi na nyama, nitautolea wapi, mtu wa Mara? Ugomvi wangu ni vitu hivi kukutanishwa kwenye sahani moja, wakati wenyewe wanaovijua wamevitenga muda wote.

Waitaliano, ambao spageti ni yao, madonge ya nyama wanayo, wanayaita polpette, na kwa kawaida wanayala peke yake, baada ya tambi, kwenye sahani nyingine. Nawatoa watu wa Teramo kule Abruzzo, ambao hutia kwenye tambi zao vidonge vya ukubwa wa dengu. Hao niliwasamehe kwa sababu ya uchache wa nyama. Pwani yetu nayo imekuwa na vyote viwili tangu enzi. Tambi za Unguja na Pemba hupikwa kwa sukari, tui la nazi na iliki, zikangoja futari. Kababu huliwa na chai, au na chatne. Nioneshe Mpemba aliyeweka kababu juu ya tambi za futari, nami nitakuonesha mtu ambaye kwao hawamwiti kwenye arusi.

Aliyevikutanisha ni Mwitaliano aliyekimbilia Marekani. Kati ya 1880 na 1924 walivuka zaidi ya milioni 4, wengi wao maskini wa kusini, watu walioonja nyama sikukuu hadi sikukuu. Kufika New York wakakuta nyama ni rahisi, nyanya za kopo zimejaa madukani, tambi zipo. Wakafanya ambacho mtu yeyote mwenye njaa ya kurithi angefanya: wakakuza donge, wakaongeza sosi, wakarundika vyote pamoja ili jirani aone. Nawaelewa. Lakini ile ilikuwa furaha ya mtu aliyetoka kwenye dhiki ya nyama. Kisaka hatujawahi kuwa na dhiki hiyo kiasi cha kuitungia sherehe. Na Wamarekani tunawafahamu vizuri: mapadri wa Maryknoll walifika Musoma mwaka 1946, wakajenga makanisa, shule na zahanati, wakaanzisha na chuo cha lugha pale Makoko, wakala ugali wetu na samaki wetu. Miaka yote hiyo, mimi na umri wangu, sijasikia padri hata mmoja aliyemtwisha muumini tambi zenye madonge. Walikuwa watu wenye huruma.

Unajua nani waliokitangaza chakula hiki duniani? Mbwa. Mwaka 1955 kampuni ya Disney ilitoa sinema ya katuni, Lady and the Tramp, ambamo mbwa wawili wanakula sahani moja ya tambi na madonge nyuma ya hoteli, wanavuta uzi mmoja kila mmoja kwa upande wake mpaka midomo inakutana. Dunia nzima ikalia kwa mapenzi. Mbwa! Miaka miwili baadaye, tarehe 1 Aprili 1957, BBC katika kipindi cha Panorama ikaonyesha familia moja ya Ticino, Uswisi, ikivuna spageti kwenye miti, inazianika juani. Ilikuwa mzaha wa siku ya wajinga, lakini uliosomwa na Richard Dimbleby, sauti iliyoaminika kuliko benki, na Waingereza wakapiga simu kuuliza mche unapatikana wapi. Mwaka 1957! Mwaka huo hao ndio waliokuwa wakiitawala Tanganyika, na mabwana shamba wao walikuwa wakizunguka vijijini kutufundisha kilimo.

"Baba," binti yangu akasema, "nipitishie chumvi."

Sosi sitaisema sana, maana ilikuwa sosi. Nyanya, vitunguu, karoti iliyokwaruzwa, mafuta ya alizeti. Mke wangu aliipika bila kutazama simu ya mtu na ndiyo iliyokuwa ya kawaida kuliko vitu vyote mezani.

Wanyama walitoka majini wakiwa na hali tofauti. Nungunungu miiba yote ilikuwa imelala, akabaki kiumbe mpole ambaye hata kuku angemkaribia. Simba alilowa manyoya hadi machoni, mwenye simba akalia kidogo, akabembelezwa kwamba mvua za Serengeti hazichagui. Lakini tembo alitoka mzima. Kinu kilikuwa kimefanya kazi yake. Miguu ilikuwa imelegea, ni kweli, na meno yalikuwa yameporomoka pande zote mbili za sahani yakazunguka na kurudi nyuma, lakini mwili ulikuwa imara, una hadhi, na ulikuwa umeongezeka. Mtoto akamweka mbele yangu.

"Huyu ni wa Babu."

Nikatazama mlangoni kwanza. Ni mazoea. Mtu aliyekulia huku, akiwekewa tembo mezani jioni na hana kibali, hutazama mlangoni. Ipo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na jirani bado alikuwa amekaa pale na bakuli. Kisha nikafikiria shamba la shemeji, na mahindi yaliyolala, nikaanzia mguu wa nyuma. Kile kilikuwa kifuta jasho changu, nimelipwa taslimu.

Suala la uma lilikuja baadaye. Nyumba yetu ina uma, sisemi haina, lakini kazi yake ni kugeuzia chapati na kuchomea viazi kuona kama vimeiva, na haujawahi kuingia mdomoni mwa mtu. Binti yangu alileta zake za plastiki kutoka Mwanza, akaanza somo: unachoma, unazungusha, unazungusha, unainua. Mimi nilizungusha. Ukizungusha tambi unajikusanyia mzigo ambao huwezi kuukadiria. Unaanza na nyuzi tatu, unainua sahani nzima. Jirani alijaribu mara moja, akaurudisha uma wa watu ukiwa mzima, akamtazama mama yangu anafanyaje.

Mama yangu alikuwa amekwisha kunawa. Alichota kwa vidole vitatu, akainua mkono juu ya kichwa, akaegemeza uso nyuma, akazishusha tambi mdomoni kuanzia ncha ya chini kwenda juu, taratibu, bila tone la sosi kwenye kanga. Wajukuu walinyamaza. Binti yangu akafungua mdomo amrekebishe, nikamzuia, kwa sababu hili nalijua: ndivyo tambi zilivyoliwa Naples kabla ya hizo uma. Wauzaji walizipika barabarani, maskini akanunua, akasimama palepale, akainua mkono, akashusha. Wageni kutoka nchi nyingine za Ulaya walitoa hela ili watazame, na picha zao zikauzwa kwa kadi za posta. Mama yangu hajafika Naples. Hajapita Musoma zaidi ya kupelekwa hospitali. Lakini aliipata njia sahihi mara ya kwanza, kwa sababu alikiangalia chakula badala ya kuangalia simu.

Alipomeza, akatafakari.

"Havina shida," akasema. "Lakini vinateleza, havisemi kitu. Nileteeni maziwa mgando."

Binti yangu alikuwa amebeba jibini ya unga kwenye kikopo, akaeleza kwamba Waitaliano humwagia jibini. Mama yangu aliunusa unga ule, akaurudisha kwa mikono miwili, kwa adabu kubwa. Yakaletwa maziwa mgando ya kwenye kibuyu, akayamwaga juu ya tambi na sosi yote, akakoroga kwa kidole. Jirani akasogeza bakuli lake naye akamiminiwa. Baada yao mke wangu. Mwishowe binti yangu mwenyewe, akisema anaonja tu, na aliendelea kuonja mpaka kibuyu kikawa chepesi.

Mimi niliomba ndizi. Ukinilazimisha kuchagua nani anajua kula tambi, nachagua Wasomali, ambao walizipata kwa Waitaliano waliowatawala, na Waitaliano hao hao ndio waliofungua mashamba makubwa ya ndizi kandokando ya mito ya Juba na Shabelle. Wasomali wakakaa chini wakaamua kwamba kama dhiki zimekuja pamoja zitaliwa pamoja. Baasto yao hailiwi bila ndizi mbivu pembeni, unamega ndizi, unachota tambi, unatafuna vyote. Nenda Eastleigh, Nairobi, utaona. Na sisi ndizi tunazo, Tarime iko pale, mkungu uliletwa na shemeji wiki hiyo hiyo. Nilikula hivyo. Ilikuwa nzuri, nasema wazi, kwa sababu ya ndizi.

Saa tatu usiku nikamwambia mke wangu kwamba sasa mchezo umekwisha, anisongee ugali kidogo wa kushikia tumbo. Akaniambia moto umezimwa. Nikasema kuni zipo. Akasema sahani yangu ameiona, na ya mtoto niliyommalizia ameiona pia, na kama nina njaa nimfuate tembo mwingine Ikorongo. Jirani alicheka mpaka akashika kinu asianguke, halafu akauliza zile pakiti zinauzwa wapi pale Mugumu. Mama yangu akajibu, kabla ya mtu kusema, kwamba pakiti ya pili haiuzwi wala haigawiwi, ameshaiweka kwenye sanduku lake, chini ya nguo, na ufunguo anao.

Asubuhi mjukuu mdogo alinikuta nje nanoa jembe. Alitaka kujua kama bibi mkubwa akibembelezwa atalifungua sanduku, kwa sababu Jumamosi inayokuja amepanga kutengeneza kiboko. Nikamwambia huo ni upuuzi, chakula si cha kuchezea, na kwamba nimeshalisema hilo mbele ya mashahidi.

"Babu, kiboko anataka nyama kiasi gani? Nusu kilo inatosha?"

Nikafikiri. Nimewaona viboko wa Mto Mara kwa macho yangu, wamejaa bwawani bega kwa bega, na mtu aliyewaona hawezi kukaa kimya akisikia upotoshaji wa namna hiyo. Nikaingiza mkono mfukoni, nikampa hela ya kilo nzima, nikamwambia amwambie muuza nyama asiogope kuweka na mafuta.